Kiatu Kimoja na Mlango wa Hewani

Matisi, Kitale
Tarehe 11 Machi 2003

Kwako mtoto wangu Wangechi, maitu, yaani mama, kwa kuwa umebeba jina la mama yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, zijaze hicho chumba chako mpaka zitokee dirishani. Mimi mama yako niko mzima, ni mgongo tu, na huo unaujua. Baba yako Mbogo anakusalimia. Goti linamsumbua baridi ikija, lakini ukimuuliza anasema ati ni kiti ndicho kibaya. Dada yako Nyambu anakusalimia, yuko Form Two sasa na ameanza kunisahihisha nikiongea, kwa hivyo barua hii naandika akiwa shule ndiyo aniache. Ng'ombe wetu Malkia amezaa ndama dume. Baba yako alikasirika hakula chakula cha mchana, kama ni ng'ombe amemkosea kwa makusudi. Jirani yetu Chelangat anakusalimia sana, na yeye ndiye ameniletea haya maneno utayaona hapa chini. Akina mama wa kanisa wote wanakusalimia. Hata yule kuku wa shingo tupu bado yuko, amekataa kuchinjwa.

Sasa nikuulize. Juzi Chelangat alikuwa anatoka Lwakhakha huko mpakani na mizigo yake ya mitumba, akapitia Bungoma, akasema wacha nione mtoto wa Nyaruai anaishi wapi. Hakukupata, ulikuwa kule poly unafundisha wasichana kushona. Lakini nyumba aliiona. Alinikuta nachambua maharagwe, hata hakuketi.

"Mama Wangechi, kwani hukuniambia msichana wako anaishi kwa nyumba ya ajabu?"

"Ajabu gani? Aliniambia ni gorofa ya matofali ya zamani, na mwenyewe ni mama mzee wa kanisa."

"Ni gorofa, ndiyo. Lakini zunguka nyuma! Huko juu kuna mlango. Mlango mzima, na fremu, na komeo. Chini yake hakuna ngazi, hakuna baraza, hakuna kitu. Ukifungua unatoka kwa hewa."

"Unatoka uende wapi?"

"Uende kwa migomba, mama. Kichwa kwanza."

Wangechi, maharagwe nilimwaga. Chelangat anasema watu wa huko wanaiita Nyumba ya Mlango wa Hewani, na wengine wakipita hapo jioni wanavuka barabara. Na si unamjua Chelangat. Kufika Jumapili Matisi yote ilikuwa na habari. Nikienda posho mill naulizwa, "Mama, yule msichana wa hewani hajambo?"

Mimi sikusoma sana, kuandika nilijifunza gumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa na wewe mgongoni, lakini hii moja naijua. Mtu hajengi mlango bure. Mlango ni wa kuingia ama ni wa kutoka. Kama hakuna binadamu anayeweza kuutumia, basi anautumia nani?

Nakupatia mpaka Pasaka. Tafuta chumba kingine chenye milango ya kawaida. Ukikosa, rudi nyumbani. Mashine ya kushona iko, chumba chako kiko, nimekifagia. Nimezaa nyinyi wawili tu, sina wa kupoteza kwa gorofa. Ama kuna kitu kingine kinakushika huko?

Nijibu mapema, usiniweke na presha.

Ni mimi mama yako,
Nyaruai

*

Bungoma
2 Aprili 2003

Kwako Mama mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu najua ukiisoma umesimama utaanza safari. Mimi ni mzima. Nisalimie Baba na goti lake, na kiti chake. Mwambie Nyambu aache kukusahihisha, mimi nilijaribu nikiwa Form Two na nilichota maji wiki nzima. Nisalimie Malkia, na pole kwa kuchelewa kujibu. Poly imejaa wasichana wapya na mashine nzima ni chache.

Mama, ni kweli mlango upo, na uko chumbani kwangu. Sikukuambia kwa sababu nilijua utafanya vile umefanya.

Nimewauliza watu wa hapa asili yake, na kila mtu ana jibu lake. Mama anayeniuzia omena sokoni anaapa kwamba nyumba ilikuwa ya mzungu aliyekuwa akitembea usingizini, na mke wake alipochoka kumfuata akamwekea mlango. Katekista anasema hapana, ni watu wa dini fulani ya zamani waliokuwa wakingoja kuchukuliwa mbinguni, na hawakutaka kuanzia safari chini kwenye matope. Mlinzi wa poly yeye anasema mwenye nyumba alichoka na wageni wasiotaka kwenda kwao. Mgeni akikaa sana alikuwa anaambiwa, "Pitia hapo nyuma, ni karibu."

Ukweli ni kwamba si ya mzungu. Ilijengwa na marehemu Mzee Khisa, baba yake Mama Peris mwenye nyumba. Alikuwa fundi wa mawe, aliwajengea walowezi huko kwetu Kitale, halafu akarudi kwao akajijengea ya kwake. Nikimuuliza Mama Peris ule mlango ulikuwa wa nini, anacheka na kusema, "Huo ni mlango wa heshima, msichana wangu," kisha anaenda kulisha kuku. Sijamwelewa.

Mimi nautumia kuanika godoro. Upepo wake ni mtamu sana. Komeo lilikuwa limelegea lakini Wabwile amelitengeneza, na zile mbao za sakafu zilizokuwa zinalia usiku Wabwile amezipigilia misumari, kwa hivyo hakuna sauti tena. Usiogope.

Chumba kingine sijatafuta. Hapa ni karibu na kazi, na nimeizoea.

Wako,
Wangechi

*

Matisi, Kitale
Tarehe 24 Aprili 2003

Mtoto wangu Wangechi,

Pasaka imepita na wewe bado uko huko hewani. Haya. Salamu ni zile zile. Baba yako ni mzima. Amesoma barua yako akacheka pale kwa wageni wa kuonyeshwa njia ya karibu, akasema Mzee Khisa alikuwa mtu wa maana. Nimemwambia asiniharibie kazi. Nyambu amepata malaria ikapona. Ndama ametuzoea, baba yako sasa anamwita Waziri na anampatia chane za ndizi akifikiri sioni. Mama mchungaji amejifungua msichana. Mvua imekuja vizuri na tumepanda.

Nimesali juu ya maneno yako. Halafu sikuishia kusali. Nimenunua kufuli, ile kubwa ya chuma ya kufunga stoo ya mahindi, nikaipeleka kwa mchungaji aiombee. Alisema, "Mama, mimi huombea watu na magari, kufuli bado." Nikamwambia leo ataanza. Akaiombea vizuri sana, akaitaja mpaka na funguo. Chelangat atakuletea. Funga huo mlango wa nyuma, ufunguo urudishe kwangu na Chelangat. Kama ni kitu kinaingia hakitaingia, kama ni mtu anatoka hatatoka.

Sasa maneno ya pili. Huyu Wabwile ni nani? Umemtaja mara mbili kwa barua moja. Mimi nikimwandikia mtu, jina la baba yako silitaji mara mbili, na tumeishi miaka yote hii.

Sina ubaya na fundi. Lakini fundi anakuja, anagonga, anaenda zake. Huyu naona kila kitu kikilia anakuja. Ni wa wapi? Ana mama? Anasali wapi? Na kwa nini kijana mzima anapanda gorofa ya msichana na nyundo?

Mimi nataka urudi karibu na sisi. Sina sababu nyingine. Niandikie bila kuzunguka.

Mama yako,
Nyaruai

*

Bungoma
30 Mei 2003

Mama mpendwa,

Salamu kwa wote, niko na haraka, wasichana wana mtihani. Asante sana kwa kufuli na unga na parachichi. Chelangat alifika salama, akakaa kidogo, akaangalia kila kona, akaangalia na chini ya kitanda.

Kufuli tumeifunga kwa banda la kuku la Mama Peris kwa sababu kuna paka alikuwa anasumbua. Tangu siku hiyo hajaingia. Mama Peris anasema mwambie mchungaji ahsante.

Mvua ni nyingi huku. Nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Wako,
Wangechi

*

Matisi, Kitale
Tarehe 16 Juni 2003

Wangechi,

Nilifika nyumbani salama, kama ulikuwa unajiuliza. Baba yako mzima, Nyambu mzima, ng'ombe wazima, kila mtu mzima isipokuwa mimi.

Ulidhani nitasoma ile karatasi yako ya kuku na paka nikae? Barua fupi vile ni ya mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo. Ndiyo nikasema nitakuja Jumamosi bila kupeana habari, nione kwa macho yangu.

Sasa nakuandikia vile mimi niliona, ndiyo usikuje kuniambia niliota. Nilifika saa nne asubuhi, jua linawaka, si giza. Mama Peris nilimkuta kwa uwanja anapepeta mtama. Mama wa heshima kweli, alinishika mikono yote miwili. Lakini nilipomwambia mimi ndiye mama ya Wangechi, uso wake ulibadilika, akaangalia juu, akasema kwa sauti kubwa kama anaita watu wa ng'ambo ya mto, "AH! KUMBE NI MAMA WANGECHI AMEFIKA! MAMA YAKE MZAZI!"

Nikamwambia, "Mama, mimi sio kiziwi."

Akaniambia, "Najua, mama. Kaa kwanza unywe chai."

Nikasema chai baadaye. Nikapanda. Nikiwa kwa ngazi nasikia huko ndani watu wawili wanacheka, na kitu kama randa inapita kwa mbao. Nikapiga hodi. Kicheko kikakatika kama umezima redio. Nikasikia miguu, tup tup tup. Nikasikia komeo. Nikafungua, na ndipo nikaona, Wangechi, kwa haya macho Mungu alinipatia. Mlango wa hewani wazi, na mgongo wa koti ya kaki unaenda. Haukushuka. ULIENDA. Halafu chini huko, kishindo, na migomba ikaanza kucheza kama iko harusini.

Nikakuuliza, "Ni nini hiyo?" Na wewe mtoto niliyekuzaa, na uzi mdomoni, ukanijibu ati, "Ni upepo, Mama."

Upepo gani unavaa koti? Upepo gani unaacha randa juu ya meza yako ya kukatia nguo? Upepo gani unaacha kiatu namba tisa hapo kwa kizingiti, cha kulia, kimevuliwa na haraka kikageuka kinaniangalia? Na Mama Peris huko chini amefunika mdomo na leso, mabega yanatingika. Nilikunywa ile chai yenu, na wewe ulimwaga sukari ukaipangusa, ukamwaga tena.

Kufuli yangu ingekuwa mahali niliagiza, huyo mtu ningemkuta. Badala yake nyinyi mmelinda kuku.

Kiatu nimekuja nacho. Nilikiweka kwa kikapu chini ya mboga na hukuona. Kiko hapa chini ya kitanda changu. Baba yako amekijaribu, kinamtosha, lakini anasema kimoja hakina kazi.

Sasa nisikilize vizuri. Mzimu haufanyi kazi ya randa. Kwa hivyo huyo ni mtu, na mimi namjua jina. Mwanaume anayemkimbia mama ya msichana ni mwizi, ama ana bibi mahali. Kwetu kijana wa haki anasimama, anatoa kofia, anasalimia mama, anakaa anakunywa uji hata kama jasho linamtoka. Huyu aliona mimi ni mbaya kuliko kuanguka.

Mwisho wa Julai baba yako atakuja na pikapu ya kanisa. Funga vitu vyako.

Nyaruai

*

Matisi, Kitale
Tarehe 13 Julai 2003

Wangechi,

Hakuna barua. Kila siku ya posta baba yako anapitia huko, na akirudi anaanza kuongea habari ya ndama kabla sijauliza, hapo najua hakuna.

Nyambu anakusalimia. Chelangat hajui habari ya kiatu. Nimeshindana na mdomo wangu sana, lakini hajui.

Kama uko mgonjwa sema. Kama umenikasirikia sema, mimi pia nimekukasirikia na bado naandika. Pikapu nimeiomba na mchungaji amekubali. Baba yako yeye anazunguka, ati tairi, ati matope. Leo ameniambia, "Nyaruai, mtoto si gunia mtu anaenda kulichukua."

Kuna baridi. Kile chumba chako nimetandika blanketi ya pili.

Mama

*

Bungoma
27 Julai 2003

Kwako Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na naomba uzipokee zote kabla hujaendelea. Salamu kwa Baba, ambaye naona amenitetea bila kuniambia. Salamu kwa Nyambu, kwa Malkia, kwa Waziri, kwa kuku wa shingo tupu. Salamu kwa mchungaji na kufuli yake.

Nimechelewa kwa sababu ilibidi kwanza mtu apate nafuu ya mguu ndiyo aniruhusu kukueleza. Tafadhali Mama, kaa chini. Kama umeketi, soma.

Aliyeruka ni Wabwile. Ulijua. Ni mtoto wa kaka yake Mama Peris, ni seremala, anasali na shangazi yake na hana bibi mahali popote. Siku hiyo alikuwa ananitengenezea rafu ya vitambaa. Alianguka kwa migomba akateguka kifundo cha mguu, na majirani wamekwisha ongeza hadithi ya nne, kwamba nyumba yenyewe sasa imeanza kuwatema watu. Anaisikia kila siku akichechemea na hawezi kuikana, kwa sababu ya kweli anaiona ni ya aibu zaidi.

Hakukukimbia kwa ubaya. Mama, kwa watu wa hapa, mwanaume hakutani uso kwa uso na mama ya mke wake. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Si chuki. Ni heshima ya juu kabisa waliyo nayo. Mama mkwe wanamwita mavere, na mkwe wake anamwogopa kama kanisa. Mama Peris alipopaza sauti hakuwa anakuita wewe kiziwi. Alikuwa anamwonya Wabwile. Na wewe ulikuwa umesimama kwa ngazi, hakuna njia nyingine ya kutoka.

Sasa fikiria, Mama. Wewe kwake bado si mavere. Hakuna aliyekuja kwenu, hakuna lililosemwa. Mwanaume asiye na nia angesimama tu akakusalimia kama mama yeyote. Alipouona huo mlango akaruka, hapo ndipo na mimi nilijua ameshakuhesabu. Alikuwa hajaniambia. Mimi nilibaki na uzi mdomoni nimechanganyikiwa, furaha na hofu pamoja, ndiyo nikasema ni upepo.

Jioni hiyo Mama Peris alinieleza mlango. Mke wa Mzee Khisa alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake alifiwa na mume, akazeeka, hakuwa na kijana wa kiume wa kumweka. Na mila inasema mama hawezi kulala chini ya paa la binti yake, kwa sababu ya huyo mkwe. Huyo mke alikuwa analia kila jioni akipika. Mzee Khisa hakubishana na wazee. Aliwaita akawauliza, "Nikijenga nyumba nyingine juu ya nyumba yangu, na mlango wake, na ngazi zake za nje, hiyo ni nyumba ya nani?" Wakasema hiyo haijawahi kuonekana. Akasema, "Sikuuliza kama imeonekana. Nimeuliza ni ya nani." Wazee walibishana mpaka jioni na hawakupata kosa.

Akajenga. Za ndani zilikuwa ngazi za mke wake na watoto kupandisha chakula. Za nje, za mbao, zilikuwa za mavere peke yake. Aliishi chumba hiki changu mpaka akafa, na hawakuwahi kuonana macho. Kila asubuhi Mzee Khisa akiamka alikuwa anakohoa huko chini, na mama huyo anagonga sakafu mara mbili na mkongojo. Basi. Ndiyo ilikuwa salamu yao miaka yote. Mama Peris akiwa mtoto alifikiri nyumba zote zinaamka hivyo.

Siku moja Mzee alikohoa, na juu kukawa kimya. Akakohoa tena. Halafu akatoka uwanjani, akasimama hapo na kofia mkononi, hakupanda. Baada ya mazishi alizivunja zile ngazi kwa mikono yake akapanda migomba mahali pake. Mlango hakuuziba, na alikuwa fundi, angeuziba kwa asubuhi moja. Watu wakaanza kutunga mambo yao. Aliwaacha.

Mama, watu wa Wabwile wanataka kuja kuonana na Baba. Nilinyamaza kwa sababu najua ulishafagia chumba changu, na sasa umetandika blanketi ya pili. Najua pia jambo lingine ambalo hujawahi kulisema, na sitalisema mimi.

Ukikataa, nitakuja na pikapu bila kulia. Lakini ningependa usikatae.

Na tafadhali, anaomba kiatu. Anaenda kazini na ndala.

Wako,
Wangechi

*

Matisi, Kitale
Tarehe 24 Agosti 2003

Kwako maitu wangu,

Salamu kutoka kwangu mama yako, nimekaa, kama uliniagiza. Baba yako Mbogo mzima, anakusalimia, na pikapu amerudishia mchungaji bila hata kuniuliza. Nyambu amefunga shule, amesoma barua yako yote juu ya bega langu, akalia, halafu akanionyesha mahali uliandika vibaya. Malkia anatoa maziwa vizuri. Waziri amekula kofia ya baba yako na amesamehewa. Chelangat sasa anajua yote, nilishindwa, na anasema mwambie huyo kijana kwamba yeye ameleta viatu viwili vya mitumba namba tisa, kama anataka avijaribu. Kuku wa shingo tupu anaatamia.

Nimechelewa si kwa posta. Barua yako niliisoma nikaiweka kwa Biblia, nikaenda kupalilia. Nikarudi nikaisoma tena. Baba yako akaniuliza, "Imesemaje?" Nikamwambia kuna mtu ameruka gorofa kwa sababu yangu. Akasema, "Mimi nilipokuja kwenu nilikanyaga tu mbwa." Nikamwambia ndiyo, na hukuomba msamaha. Tulicheka mpaka Nyambu akatoka kuangalia.

Halafu usingizi ukakataa. Yule mama hakuwa na kijana, Wangechi. Kama mimi. Hilo ndilo ulikataa kusema, na mimi pia nimelizunguka tangu Machi nikisingizia mlango. Shamba ni la ukoo wa baba yako, na mimi nilikuwa najiuliza nikibaki peke yangu nitagonga sakafu ya nani. Ndiyo nilikuwa nataka urudi. Mlango haukuwa na makosa. Kumbe nilikuwa naogopa mlango uliojengewa mtu kama mimi.

Sasa sikia majibu yangu. Watu wake waje, Jumamosi ya pili ya Oktoba, mahindi tutakuwa tumeanza kuvuna. Baba yako atakaa nao sebuleni na mambo ya mahari wataongea wanaume na mashangazi, Mama Peris asikose. Wabwile mwenyewe kwetu lazima aje, ale, aonekane, hapo siwezi kubadilisha, dada zangu watasema nimeozesha mtoto kwa kivuli. Lakini mimi nitakaa jikoni nimefunga mlango, ndiyo na mila yao ipate heshima yake. Muulize Mama Peris kama kuchungulia kwa ufa kunakatazwa. Kama kunakatazwa, usimuulize.

Kiatu nimekipaka rangi. Kinang'aa kuliko kile kingine, atajua mwenyewe. Nyambu atamkabidhi mlangoni, mbele ya wote, naye kijana aeleze kilifikaje Kitale.

Na kuna jambo moja namwomba kwa vile ni seremala na babu yake alikuwa fundi. Ile migomba nasikia aliiharibu mwenyewe alipoanguka. Basi asiipande tena hapo. Aweke ngazi. Si ya leo, mimi bado nina nguvu na baba yako yuko, na hata nikija nitakuja na kurudi. Lakini aijenge, ikae hapo, nijue iko. Afanye ngazi fupi fupi, na mahali pa kushika pande zote mbili, mimi si mtu wa kuruka. Hiyo kufuli ya mchungaji muiache kwa kuku.

Mwambie pia hivi. Asubuhi hii nikiwa nimeshika kalamu nilifikiria huko kwenu mtu anaamka na mguu mbaya na ndala. Nyambu alikuwa amelala na baba yako ameenda kukamua. Nikagonga meza mara mbili.

Muulize kama alikohoa, halafu unijibu upesi.

Mama yako,
Nyaruai